Maisha ya Daktari Denis Burkitt

Katika historia ya uganga wa nchi zetu za Afrika ya Mashariki yamo majina mengi ambayo yafaa vijana wa shule wayajue. Mojawapo ni jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa muda wa miaka 20, tangu mwaka wa 1946 hata 1966. Ugonjwa mmoja wa saratani, ambayo wengi wetu huiita kansa, waitwa kwa jina lake duniani kote mpaka leo. Mtu huyu hakuwa na maabara kubwa wala fedha nyingi. Hakupata kuzipima protini zile ambazo wataalamu wa leo huzifuatia ndani ya uvimbe wa saratani. Lakini njia aliyoianza yeye kwa kalamu, ramani na motokaa kuukuu ndiyo iliyowafikisha wengine katika siri iliyofichwa ndani ya chembe za mwili. Kwa hiyo twaandika habari zake hapa, ili mwanafunzi anayesoma Biolojia aone kwamba maarifa yaliyomo vitabuni yalianza kwa mtu aliyeuliza swali jepesi: ugonjwa huu wapatikana wapi, na wapi haupatikani?

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari, 1911, huko Enniskillen, kaskazini mwa kisiwa cha Ireland. Baba yake, Bwana James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa jimbo la Fermanagh, mwenye kuangalia barabara na madaraja. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mshahara, lakini saa za mapumziko alipenda mno kuchunguza ndege. Katika miaka ya 1920 aliwanasa ndege wadogo waliokaa bustanini kwake, akawavika pete za madini miguuni ili amtambue kila mmoja, kisha akachora ramani kuonyesha mipaka ya kila ndege. Wenye elimu ya ndege wanamheshimu hata sasa kwa kazi hiyo. Jambo hili yafaa tulikumbuke, maana mwanawe naye alikuja kuwa mchoraji wa ramani, ila ramani zake zilikuwa za maradhi.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 Denis alipatwa na msiba. Watoto walikuwa wakirushiana mawe, na jiwe moja likavunja miwani yake, kipande cha kioo kikamwingia jichoni. Jicho lile halikupona, likaondolewa, naye akaishi maisha yake yote kwa jicho moja la kuonea na jingine la kioo. Shuleni hakuhesabiwa katika wanafunzi walio hodari sana. Mwaka wa 1929 aliingia Trinity College, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake, lakini moyo wake haukutulia katika masomo hayo. Alikuwa Mkristo wa imani thabiti, akaona kwamba ameitwa kuwa mganga. Akabadili masomo, akafaulu kuwa daktari mwaka wa 1935, na mwaka wa 1938 akapata shahada ya upasuaji huko Edinburgh.

Vita Kuu ya Pili ilipotokea, aliingia jeshini kama daktari wa upasuaji. Jeshi lilimleta Afrika ya Mashariki, akatumika Kenya na Somalia, kisha akapelekwa Ceylon, nchi ambayo leo huitwa Sri Lanka. Kabla ya hapo alikuwa ameomba kazi ya udaktari katika makoloni, akakataliwa kwa sababu ya jicho lake. Lakini hakukata tamaa. Mwaka wa 1943 alimwoa Bibi Olive Rogers, na vita vilipokwisha akaomba tena, safari hii apelekwe Uganda. Mwaka wa 1946 akakubaliwa, akapelekwa Lira, katika wilaya ya Lango, kaskazini mwa nchi hiyo.

Huko Lira ndiko tabia yake ya kuuliza ilikoanza kuzaa matunda. Wanaume wengi walimjia wapasuliwe mabusha, ugonjwa ambao watu wa pwani yetu wanaujua sana. Daktari mwingine angepasua tu na kumngojea mgonjwa wa pili. Yeye aliandika kila mmoja ametoka wapi. Alipokwisha kuhesabu aliona kwamba upande wa mashariki wa wilaya ugonjwa ulikuwa mwingi sana, na upande wa magharibi ulikuwa haba. Watu walikuwa wa kabila moja na wilaya moja, lakini hali zao zilikuwa mbalimbali. Tofauti hiyo ilifungamana na minyoo midogo ya damu inayoenezwa na mbu, ile iletayo matende na mabusha. Habari hizo alizichapisha mwaka wa 1951. Kwa wakati ule zilionekana ni jambo dogo, lakini zilimfundisha kwamba ramani yaweza kusema lile ambalo kisu cha daktari hakiwezi kulisema.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamishiwa Kampala, katika hospitali ya Mulago, ambako pia walifundishwa madaktari wa Makerere. Siku moja katika mwaka wa 1957 mwenzake, Daktari Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto mmoja wa kiume. Mtoto huyo alikuwa amevimba taya zote mbili, juu na chini, kushoto na kulia, meno yamelegea na uso umeharibika. Burkitt hakuweza kueleza. Ingalikuwa ni jipu, lingaliota upande mmoja; na saratani nayo kwa kawaida huanza mahali pamoja. Haukuwako upasuaji wa kumfaa mtoto yule.

Baada ya majuma machache alikwenda kuitembelea hospitali ya Jinja, mahali Mto Nile unapotoka katika Ziwa Victoria. Alipotazama nje dirishani aliona mtoto mwingine, wa kike, amekaa majanini na mama yake, naye amevimba uso vilevile. Burkitt akatoka mbio kwenda kumpima. Akakuta si taya tu, bali tumboni pia mna uvimbe. Hapo alitambua kwamba jambo likitokea mara moja laweza kuwa ajabu tu, lakini likitokea mara ya pili latakiwa kuchunguzwa. Aliporudi Mulago alianza kufungua madaftari ya wagonjwa wa zamani, jalada baada ya jalada. Akaona kwamba watoto waliovimba taya, na wale waliovimba tumbo, figo au ini, ambao kila daktari aliwaandika chini ya ugonjwa wake, kwa hakika walikuwa na ugonjwa mmoja. Mwaka wa 1958 alitoa makala yake ya kwanza katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza, akieleza habari za watoto 38.

Ni haki tuseme kwamba hakuwa mtu wa kwanza kuuona ugonjwa huu. Daktari Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka wa 1897, alikuwa ameandika na kuchora habari za watoto wa namna hiyo miaka mingi nyuma. Wataalamu wa Mulago waliochunguza vipande vya nyama kwa hadubini, akina J. N. P. Davies na Gregory O'Conor, ndio waliotambua kwamba saratani hiyo ni ya chembe za kinga zilizomo katika damu na mitoki, yaani limfoma. Sifa ya Burkitt ni kwamba aliziunganisha habari zilizotawanyika, akatengeneza picha moja.

Swali lililofuata lilikuwa lile lile la Lira: wapi? Burkitt alichapa karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazipeleka kwa posta kwa mamia ya hospitali za serikali na za misheni katika Afrika, akiuliza kama waganga wa huko wamepata kuona ugonjwa wa namna hiyo. Majibu yalipofika alichomeka pini juu ya ramani. Pini zikafanya mkanda katikati ya bara, kutoka magharibi hata mashariki, na mkia ukateremka kusini kuifuata pwani ya Bahari ya Hindi. Lakini ukingo wa mkanda ule haukuonekana vizuri, naye akaamua kwenda kuutafuta mwenyewe.

Alinunua motokaa ya Ford iliyokwisha kutumika, na tarehe 7 Oktoba, 1961, akaondoka Kampala pamoja na rafiki zake wawili, Daktari Ted Williams wa hospitali ya misheni ya Kuluva, aliyekuwa pia fundi hodari wa kutengeneza magari, na Daktari Cliff Nelson kutoka Kanada. Walisafiri majuma 10, maili 10,000, yaani karibu kilometa 16,000. Walipita Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia na Msumbiji, wakafika mpaka Afrika ya Kusini. Waliingia katika hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika walionyesha picha, wakauliza, wakaandika. Safari hiyo ilikuwa haijaisha wakati bendera ya Tanganyika huru ilipopandishwa, tarehe 9 Desemba, 1961.

Basi walipata nini? Waliona kwamba ugonjwa hauchagui kabila wala dini, bali unafuata nchi ilivyo. Katika Uganda haukuonekana penye kimo cha zaidi ya futi 5,000 hivi, yaani meta 1,500. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka ule ulizidi kushuka. Burkitt alidhani kwanza kwamba sababu ni kimo chenyewe, kisha akaona kwamba mpaka ni joto na mvua. Palipo na baridi kali ya usiku, au palipo na ukame, watoto hawakuugua. Daktari Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu katika taasisi ya virusi huko Entebbe, alipoiona ramani alitambua kwamba inafanana na ramani ya maradhi yaletwayo na mbu. Burkitt akakisia kwamba labda yuko mbu achukuaye kirusi cha saratani hii.

Kabla ya safari hiyo, tarehe 22 Machi, 1961, alikuwa ametoa hotuba katika Middlesex Hospital, London. Kati ya wasikilizaji alikuwako kijana mtafiti, Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi vya kuku. Mara moja Epstein alifahamu kwamba saratani yenye mipaka ya nchi na hali ya hewa yaweza kuwa na kirusi. Wakapatana, na tangu hapo vipande vya uvimbe vya wagonjwa wa Mulago vikawa vinasafirishwa kwa ndege hadi London. Kwa muda wa miaka miwili na zaidi hawakuona kitu. Hata siku moja mwishoni mwa 1963 ndege ilizuiwa na ukungu ikaenda kutua Manchester, na kipande kile kikachelewa. Kilipofika maji yake yalikuwa na ukungu, kana kwamba kimeoza. Epstein hakukitupa. Alipotazama kwa hadubini aliona chembe za saratani ziko hai, zinaelea. Katika mwaka wa 1964 yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza kwamba ndani ya chembe hizo wamekiona kirusi kipya, ambacho sasa huitwa kirusi cha Epstein na Barr. Kilikuwa ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuwa kinahusika na saratani ya binadamu.

Huku nyuma Burkitt hakuwasahau wagonjwa wake. Ugonjwa huu ni mkali kupita kiasi. Uvimbe waweza kuongezeka maradufu kwa siku 1 au 2. Kupasua hakukufaa, na Mulago ya siku zile haikuwa na mashine ya mionzi. Burkitt akajaribu dawa mpya za kuua chembe za saratani, ambazo zilikuwa zikianza kutumika Marekani na Ulaya. Matokeo yaliwashangaza watu. Watoto waliopewa dozi chache tu waliona uvimbe ukiyeyuka kwa siku chache. Wengine ugonjwa uliwarudia wakafa, lakini wako waliopona kabisa, hata baadhi ya wale waliorudishwa vijijini kabla ya kumaliza dawa. Wakati ule madaktari wengi waliamini kwamba saratani haiponi kwa dawa peke yake. Habari za Kampala ziliwatia moyo. Mwaka wa 1967 kikaanzishwa hapo Mulago kituo cha tiba ambacho kilikua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Sasa tueleze yaliyokuwa ndani ya chembe zile. Kila seli ya mwili wa mtu ina maktaba ya maagizo, na maagizo hayo ndiyo jeni. Jeni nyingi ni agizo la kutengeneza protini fulani, na protini ndizo zifanyazo kazi: nyingine hujenga, nyingine huchukua hewa, nyingine hupigana na vijidudu, na nyingine hutoa amri. Lakini si kila agizo husomwa kila wakati. Seli ya ini husoma yake, na seli ya jicho yake. Jeni kusomwa na protini yake kutokea, hilo ndilo wataalamu waitalo udhihirishaji wa protini. Afya yetu yategemea kipimo: protini ipasayo, mahali pake, kwa wakati wake, wala isizidi.

Iko jeni moja iitwayo MYC. Protini yake tuifananishe na kengele ya shule. Inapolia, seli hujiandaa kukua na kugawanyika. Inaponyamaza, seli hutulia. Katika mtoto mzima wa afya kengele hii hulia kwa muda mfupi, kisha hunyamazishwa. Mwaka wa 1972 watafiti wa Sweden waliona kwamba katika seli za ugonjwa wa Burkitt kromosomu namba 14 ina kipande cha ziada. Mwaka wa 1976 ikajulikana kwamba kipande hicho kimetoka katika kromosomu namba 8. Kisha mwaka wa 1982 ikaonekana wazi kwamba kipande kilichohama kimeichukua jeni ya MYC, kikaiweka karibu na jeni za kutengeneza kingamwili. Seli hizi za kinga kazi yao ni kutengeneza kingamwili, na kwa hiyo swichi ya jeni zile huwa imewashwa daima. Ni kama kengele ya shule iliyofungwa katika mashine isiyozimwa usiku wala mchana. Protini ya MYC hutoka bila kipimo, seli hugawanyika bila kupumzika, na ndiyo sababu uvimbe hukua kwa kasi ya kutisha.

Kwa njia hiyo kisio la Burkitt juu ya mbu nalo lilisahihishwa. Kirusi cha Epstein na Barr hakienezwi na mbu. Huenezwa kwa mate, nacho hupatikana kwa watu karibu wote duniani. Kazi ya mbu katika habari hii ni malaria. Mtoto anayepatwa na malaria mara kwa mara, seli zake za kinga husukumwa kugawanyika na kukatakata jeni zao ili kuunda kingamwili mpya, na katika kukata huko makosa hutokea. Kirusi nacho huzisaidia seli zenye kosa zisife. Hapa kwetu Tanzania, katika wilaya ya Mara ya Kaskazini, watoto waligawiwa klorokwini tangu 1977 hata 1982 ili ionekane kama malaria ikipungua ugonjwa huu nao utapungua. Ulipungua kweli, na dawa ilipokoma ukaongezeka tena. Lakini kwa kuwa ulikuwa umekwisha kuanza kushuka kabla ya dawa kutolewa, wataalamu hawakuhesabu kwamba hiyo ni hakika iliyokamilika. Hivyo ndivyo elimu ya kweli inavyokwenda: haipokei jibu kwa sababu tu jibu hilo lapendeza.

Somo hili la kipimo cha protini si la taya peke yake. Litazameni ini, ambalo saratani yake yaua watu wengi katika Afrika. Mtoto angali tumboni mwa mama, ini lake hutoa protini iitwayo alfa-fetoprotini. Baada ya kuzaliwa agizo hilo hufungwa, na protini hiyo hupungua mno. Mwaka wa 1963 Garry Abelev wa Moscow aliikuta katika panya wenye saratani ya ini, na mwaka wa 1964 Yuri Tatarinov akaikuta katika damu ya mgonjwa. Seli ya ini ikiharibika mara nyingi hulifungua upya agizo lile la utotoni, nao madaktari hupima damu ili kuzifuata dalili zake, ingawa si kila saratani ya ini huitoa. MYC nayo huonekana imezidi katika saratani nyingi za ini. Na kama vile limfoma ya Burkitt ina kirusi na malaria nyuma yake, saratani ya ini ina kirusi cha homa ya ini na sumu ya ukungu wa mahindi na karanga, iitwayo aflatoksini. Mwaka wa 1991 watafiti walionyesha kwamba sumu hiyo huacha alama yake katika jeni ya protini p53, ambayo ni mlinzi wa kuzizuia seli zilizoharibika zisigawanyike. Seli iliyopoteza mlinzi na kuongezewa kengele, mwisho wake wajulikana.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka wa 1966 akarudi Uingereza, lakini hakuacha kuhesabu. Aliendelea kukusanya taarifa za saratani kutoka hospitali za Afrika. Tena, kwa kuzilinganisha hospitali za Uingereza na zile alizozijua huku kwetu, alisadiki kwamba Wazungu walipatwa na maradhi mengi ya utumbo kwa kuwa chakula chao kilikuwa kimekobolewa na kusafishwa kupita kiasi. Akahubiri nchi nyingi kwamba watu wale nafaka isiyokobolewa, maharage, mboga na matunda. Si kila alilolisema juu ya chakula limethibitika, lakini neno lake kubwa, kwamba makapi ya chakula yana faida kwa utumbo, madaktari wamelikubali. Mwaka wa 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wataalamu wakuu wa sayansi wa Uingereza. Alifariki dunia tarehe 23 Machi, 1993, akiwa na umri wa miaka 82, akamwacha mkewe na binti zao watatu.

Habari za mtu huyu zina faida gani kwetu tukaao Goba? Kwanza kwa wazazi. Mtoto akivimba taya, meno yakalegea bila sababu, jicho likatokeza, au tumbo likavimba kwa haraka, asingojwe hata majuma yapite, wala asizungushwe kwa dawa za kubahatisha. Apelekwe hospitali mara moja. Hapa Dar es Salaam iko idara ya watoto wenye saratani katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, nayo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road yatibu watu wazima. Ugonjwa wa Burkitt, ijapokuwa ni mkali, waponyeka. Katika nchi zenye uwezo watoto zaidi ya 9 katika kila 10 hupona. Huku kwetu wanaopotea ni wengi zaidi, na sababu moja kubwa ni kuchelewa na kuyaacha matibabu katikati. Kadhalika chandarua, chanjo ya homa ya ini ambayo watoto wachanga nchini hupewa tangu mwaka 2002, na kukausha vema mahindi na karanga kabla ya kuweka ghalani, hizi zote ni silaha dhidi ya saratani, ingawa watu wengi hawazihesabu hivyo.

Pili kwa wanafunzi. Wako wanaodhani kwamba sayansi ni ya wenye vyombo vya thamani tu, na kwamba shule isiyo na maabara kubwa haiwezi kutoa mtaalamu. Burkitt alikuwa na jicho moja, ruzuku kidogo, karatasi za posta na motokaa ya mkono wa pili. Alichowazidi wengi ni uangalifu: hakuona aibu kuuliza, hakuchoka kuandika, na alipoonyeshwa kwamba amekisia vibaya alilipokea neno la kweli. Tena tusiwasahau watoto wale wa Mulago na Jinja, na mama zao, na wauguzi na makarani walioyatunza madaftari. Majina yao hayamo vitabuni, lakini bila wao kengele ile ndani ya seli isingalijulikana. Mwanafunzi anayeandika hesabu zake kwa usahihi leo, hata kama ni za mvua iliyonyesha au za wagonjwa wa malaria katika mtaa wake, amekwisha kuanza kazi ile ile.